CRC32, MD5, SHA-256 au BLAKE3? Namna ya kuchagua cheksamu ya kukagua mafaili yako

Studio ya video pale Kirumba ikimaliza kuhariri harusi, kazi hutoka kama folda ya GB 28 ndani ya flashi. Flashi inapanda boti kwenda Nansio, mteja anaifungua jioni mbele ya ndugu zake, na video inaganda dakika ya arobaini. Ukitazama ukubwa wa faili, ni uleule hadi baiti ya mwisho. Jina ni lilelile, na mwanzo wa video unacheza vizuri. Kasoro ya namna hii haionekani mpaka mtu akae aitazame video yote, na hakuna mwenye nafasi ya kutazama saa tatu za harusi wakati boti inakaribia kung'oa nanga. Cheksamu, yaani mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka baiti zote za faili, inaifanya kazi hiyo kwa robo saa hivi, nawe ukiendelea na mengine.

Kinachowachanganya wengi ni kuchagua. Programu inakuwekea CRC32, MD5, SHA-1, SHA-256, SHA-512, BLAKE2, BLAKE3, na zote zinadai kufanya kitu kilekile. Jibu letu tunaliweka mbele kabisa: tumia SHA-256 kwa karibu kila kitu. CRC32 iache ifanye kazi yake ndani ya ZIP. MD5 ipokee pale tu ambapo mwenzako hana nyingine ya kukupa. BLAKE3 itafute ukiwa na SSD ya kasi na terabaiti za kukagua. Na ujue tangu sasa kwamba faili bovu likipita kwenye ukaguzi, mara nyingi kosa si la aina ya cheksamu. Ni kwamba ukaguzi ulifanyika kabla flashi haijachomolewa, au orodha ya cheksamu ilikuwa inasoma folda isiyo yenyewe.

## Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Programu inasoma kila baiti ya faili na kukokotoa mfuatano wa urefu maalumu, unaoandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Faili la KB 2 na la GB 28 hutoa mfuatano wenye urefu sawa. Ikibadilika biti moja tu ndani ya faili, mfuatano unaotoka ni mwingine kabisa.

Jina la faili, tarehe yake na folda lilimo havimo kwenye hesabu. Ukilibadili jina kutoka HARUSI_1.mp4 kuwa Bwana_na_Bibi.mp4, cheksamu haitikisiki. Lakini ukifungua karatasi ya Excel yenye takwimu za samaki wa mwalo wa Igombe, ukabonyeza kuhifadhi bila kugusa hata namba moja, cheksamu inabadilika, kwa sababu Excel huliandika faili upya pamoja na saa lilipohifadhiwa. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida nayo hubadilika, maana WhatsApp huibana ili ipungue ukubwa. Kwa macho ni ileile, kwa baiti ni faili jingine. Itume kama hati, ndipo itafika kama ilivyotoka.

Ukubwa wa faili si ushahidi wa uzima, na sababu yake inafaa kueleweka. Windows inapoanza kunakili faili kubwa, hutenga kwanza nafasi yote ya faili hilo, kisha ndipo hujaza. Umeme ukikatika katikati, au mtu akichomoa flashi mapema, faili linaweza kubaki na ukubwa kamili huku sehemu ya mwisho ikiwa sifuri tupu au takataka. FAT32, exFAT na NTFS, yaani mifumo ya kupangia mafaili kwenye flashi na diski za Windows, hazihifadhi cheksamu ya yaliyomo ndani ya faili, kwa hiyo hakuna kitakachopiga kelele.

## Aina zenyewe, ubavu kwa ubavu

Safu ya mwisho ya jedwali hili ni ya kupimia programu yako: inaonyesha herufi nane za mwanzo unazopaswa kupata kwa herufi tatu tu, `abc`, zisizo na chochote mbele wala nyuma.

| Aina | Urefu (herufi) | Hugundua ajali | Huzuia hila | `abc` huanza na |
|---|---|---|---|---|
| CRC32 | 8 | karibu zote | hapana | 352441c2 |
| XXH64 | 16 | ndiyo | hapana | 44bc2cf5 |
| MD5 | 32 | ndiyo | hapana | 90015098 |
| SHA-1 | 40 | ndiyo | hapana | a9993e36 |
| SHA-256 | 64 | ndiyo | ndiyo | ba7816bf |
| SHA-512 | 128 | ndiyo | ndiyo | ddaf35a1 |
| BLAKE2b | 128 | ndiyo | ndiyo | ba80a53f |
| BLAKE3 | 64 | ndiyo | ndiyo | 6437b3ac |

Kwenye Linux pima hivi: `printf abc | sha256sum`. Ukitumia `echo abc` utapata jibu jingine, kwa sababu `echo` huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, na alama hiyo nayo ni baiti.

Urefu wenyewe ni msaada mkubwa. Mtu amekupa mfuatano bila kukuambia ni wa aina gani? Hesabu herufi. Ni 32, basi karibu hakika ni MD5. Ni 40, ni SHA-1. Ni 64, jaribu SHA-256 kwanza.

Mifuatano miwili ifahamu kwa sura. `d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e` ni MD5 ya faili lisilo na kitu ndani, na SHA-256 inayoanza na `e3b0c44298fc1c14` ni ya faili hilohilo tupu. Ukiziona kwenye orodha yako, faili husika lina baiti 0. Kunakili kulishindikana kabla hakujaanza, na ukaguzi wa kulinganisha utasema kila kitu ni sawa, kwa sababu tupu ni sawa na tupu.

## Unajilinda na ajali au na mtu?

Hili ndilo swali linaloamua zaidi ya mengine yote.

Ajali ni flashi iliyochoka, kebo iliyolegea, umeme uliokatika, bando lililoisha katikati ya kupakua. Ajali haina akili; inaharibu baiti ovyo. Kwa ajali hata CRC32 inafanya kazi nzuri: hugundua bila kukosa uharibifu wowote uliojikusanya ndani ya biti 32 mfululizo, na kwa uharibifu uliotawanyika uwezekano wa kupitwa ni mmoja kati ya 4,294,967,296. Ndiyo maana ZIP, gzip na picha za PNG huibeba ndani. Ukibonyeza kitufe cha kupima kwenye 7-Zip, au ukiandika `unzip -t kazi.zip`, unaitumia tayari bila gharama yoyote.

CRC32 inakwama kwenye kazi nyingine ambayo studio huipenda, yaani kutafuta picha zilizojirudia. Mifuatano ya herufi nane haitoshi pale mafaili yanapokuwa mengi. Ukiwa na mafaili 77,000 hivi, tayari kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba mawili tofauti kabisa yamegongana kwenye CRC32 moja. Studio yenye miaka michache ya kazi inafika idadi hiyo bila shida. Ukifuta zilizojirudia kwa kutegemea CRC32 peke yake, kuna siku utafuta picha ya mtu isiyo na kopi nyingine.

Mtu ni jambo jingine. Mtu anabadilisha faili kwa makusudi na anataka cheksamu isiseme kitu. Kwa CRC32 anahitaji kuchezea baiti nne tu ili ipatikane namba yoyote anayoitaka. MD5, iliyoandikwa na Ronald Rivest na kutangazwa 1992, ilivunjwa 2004 pale Wang Xiaoyun na wenzake walipoonyesha mafaili mawili tofauti yenye MD5 moja. Haikubaki kuwa hesabu ya chuoni: programu hasidi iitwayo Flame, iliyogunduliwa 2012, ilitumia udhaifu huo kughushi cheti ili ionekane imetoka Microsoft. SHA-1 nayo iliangushwa Februari 2017, Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walipotoa PDF mbili tofauti zenye SHA-1 moja. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, imeagiza SHA-1 iachwe kabisa ifikapo mwisho wa 2030.

Hapo kuna tofauti moja ya kuishika vizuri. Kilichovunjwa kwenye MD5 na SHA-1 ni uwezo wa mtu mmoja kuandaa mafaili mawili kwa pamoja yagongane. Kuchukua faili lako ambalo tayari lipo, kisha kutengeneza jingine lenye MD5 hiyohiyo, bado hakujawezekana kivitendo. Kwa hiyo ukirithi diski yenye orodha za MD5 za mwaka 2010, usizitupe. Kwa kugundua uharibifu wa diski zinafaa kabisa. Ila pale faili linapotoka kwa mtu usiyemwamini, mkataba au programu kwa mfano, MD5 haina la kukusaidia.

SHA-256 na SHA-512 zimekuwepo tangu 2001, na hadi leo hakuna aliyeonyesha mafaili mawili yanayogongana. BLAKE2 ya 2012 na BLAKE3 ya 2020 nazo hazijaguswa. Kwa usalama hizi nne hazina tofauti yoyote ya maana kwako wala kwangu. SHA-256 inashinda kwa sababu ipo kila mahali: kwenye Windows, Mac na Linux bila kusakinisha kitu, na kwenye simu kwa programu moja tu.

## Kasi: mahali watu wanapochagua vibaya

Wengi huchagua MD5 au XXH64 kwa sababu zina kasi. Ni kweli zina kasi, lakini angalia kinachosubiriwa. Flashi ya USB 2.0 husomeka kwa takriban MB 30 kwa sekunde. Ile folda ya GB 28 inahitaji kama dakika 16 kusomwa, hata kama ukokotoaji wenyewe ungekuwa bure. Diski ya nje ya kuzunguka, yenye kasi ya MB 100 kwa sekunde, itakula saa 2 na dakika 47 kwa terabaiti moja. Kompyuta ya zamani inakokotoa SHA-256 kwa MB 200 hivi kwa sekunde, na zenye maagizo maalumu ya SHA ndani ya prosesa, kama AMD Ryzen tangu 2017, huvuka GB 1. Kwa flashi na diski ya kuzunguka, kuhama kutoka SHA-256 kwenda MD5 hakukuokolei hata dakika moja.

Hesabu inabadilika ukiwa na SSD. SSD ya SATA inasoma kama MB 500 kwa sekunde, kwa hiyo kompyuta isiyo na maagizo ya SHA itaanza kuichelewesha. Kwenye kompyuta kama hiyo, ikiwa ni ya biti 64, SHA-512 huipita SHA-256 kwa karibu nusu ya kasi yake, jambo ambalo wengi hawalitegemei. SSD ya NVMe inasoma gigabaiti kadhaa kwa sekunde, na hapo BLAKE3 inaonyesha thamani yake kwa sababu hugawa faili moja kwa kori zote za prosesa (vitengo vyake vya kukokotoa), wakati SHA-256 hutumia kori moja. Ukitaka kujua prosesa yako ikoje kwenye Linux, andika `grep -o -m1 sha_ni /proc/cpuinfo`. Likirudi neno, maagizo yapo. `openssl speed sha256 sha512` itakupa kasi halisi ya mashine yako.

Kwa hiyo BLAKE3, kupitia programu ya `b3sum`, ni ya studio inayohamisha kadi za kamera kwenda NVMe kila siku. XXH64 ipo kwenye programu nyingi za kuhamishia video na inatosha kwa kazi hiyo moja, kutoka kadi hadi diski ndani ya chumba kimoja. Faili likitoka nje ya mlango, lipe SHA-256.

## Zana: Windows, Linux, Mac, simu

Windows ina njia mbili za ndani. Ya kwanza ni `certutil -hashfile kazi.iso SHA256`. Usisahau neno la mwisho: ukiliacha, certutil hutoa SHA-1, nawe utabaki ukilinganisha herufi 40 na herufi 64 ukidhani faili limeharibika. Ya pili ni PowerShell, na ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu inakuondolea kulinganisha kwa macho:

`(Get-FileHash .\kazi.iso).Hash -eq "bandika hapa mfuatano uliopewa"`

Inajibu `True` au `False`. Hutoa herufi kubwa, lakini `-eq` haijali kubwa wala ndogo. Asiyependa kuandika amri asakinishe 7-Zip. Akibonyeza faili kwa kitufe cha kulia atakuta menyu ya CRC SHA, na SHA-256 imo.

Mac hutumia `shasum -a 256 kazi.iso`. Ukiacha `-a 256` nayo inatoa SHA-1. Kwenye simu ya Android, programu ya Termux ina `sha256sum`. Baada ya `termux-setup-storage`, andika `sha256sum ~/storage/downloads/programu.apk`. Inafaa kwa kukagua APK (faili la kusakinishia programu ya Android) uliyopewa na mtu kabla hujaisakinisha.

Linux ndiyo yenye zana kamili zaidi kwa folda nzima. Ingia ndani ya folda ya kazi kwanza, halafu:

`find . -type f -print0 | xargs -0 sha256sum > ~/harusi.sha256`

Kisha ingia ndani ya kopi iliyoko kwenye flashi:

`sha256sum -c --quiet ~/harusi.sha256`

Ikikaa kimya, kila kitu ni kizima. Faili bovu hutajwa kwa jina likifuatiwa na `FAILED`. Kuingia ndani ya folda kabla ya kutengeneza orodha si mapambo. Ukitengeneza orodha kwa njia ndefu, kama `sha256sum /home/studio/harusi/*`, orodha itahifadhi njia hiyo ndefu, na ukija kukagua flashi, amri itarudi kusoma diski yako ya nyumbani, itakuta kila kitu kizima, na flashi haitaguswa kabisa. Kosa hili ni baya kwa sababu jibu lake linapendeza.

Orodha zikivuka kati ya Windows na Linux huleta migogoro miwili inayojirudia. Orodha iliyohifadhiwa kwa Notepad inaweza kuwa na alama za mwisho wa mstari za Windows. Linux inaweza kuzisoma kama sehemu ya jina la faili na kulalamika kwamba faili halipo, ilhali unaliona pale. Tibu kwa `sed -i 's/\r$//' harusi.sha256`. Mgogoro wa pili ni wa PowerShell ya zamani, toleo 5.1: ukielekeza majibu kwenye faili kwa alama ya `>`, inaandika kwa UTF-16, namna nyingine ya kuhifadhi herufi, na `sha256sum` itasema haikukuta mstari wowote wenye mpangilio sahihi. Njia rahisi ya kukwepa yote mawili ni kusakinisha Git ya Windows. Inakuja na Git Bash, dirisha la kuandikia amri, na ndani yake amri zile za Linux hufanya kazi vilevile.

## Chomoa kwanza, kagua baadaye

Hapa ndipo ukaguzi mwingi huharibika, hata wa watu wenye zana nzuri. Unapomaliza kunakili kwenda kwenye flashi, baiti zilezile bado zimo kwenye RAM ya kompyuta. Ukikagua papo hapo, mfumo unaweza kukusomea kutoka RAM na si kutoka flashi. Cheksamu italingana, na flashi itakuwa haijapimwa.

Fuata mpangilio huu: nakili, kwenye Linux andika `sync` usubiri irudi, toa flashi kwa njia salama, ichomoe kabisa, ichomeke tena, ikibidi kwenye kompyuta nyingine, ndipo ukague. Dalili nzuri ni muda. Ukaguzi wa GB 28 kwenye flashi ya USB 2.0 ukimalizika kwa sekunde 40, haukusoma flashi.

Mpangilio huo ndio pia unaofichua flashi bandia, zile zinazojitangaza GB 128 huku ndani zina GB 8. Hupokea kila kitu bila kulalamika, kisha huandika juu ya data ya mwanzo au kuitupa. Kwa flashi mpya uliyonunua mjini usipoteze muda na cheksamu. Ijaze kwanza kwa H2testw kwenye Windows, au `f3write` na `f3read` kwenye Linux, upate jibu moja kwa moja.

Cheksamu isipolingana, isome tena mara ya pili kabla hujalaumu faili, ukiwa umechomoa na kuchomeka upya. Ukipata jibu baya lilelile mara zote mbili, faili lenyewe limeharibika. Ukipata majibu tofauti kila mara, faili linaweza kuwa zima na tatizo likawa njiani: kebo, tundu la USB, au RAM mbovu. Badili kebo na tundu. Majibu yakizidi kuyumba, pima RAM kwa Memtest86+ usiku kucha.

## Orodha isafiri kwa njia yake

Ukiweka orodha ya cheksamu ndani ya flashi ileile na kuishia hapo, umejilinda na ajali nyingi lakini si na mtu. Anayeweza kubadili video anaweza kubadili na orodha.

SHA-256 ina herufi 64, na SMS moja hubeba 160. Huhitaji kutuma cheksamu za mafaili 600. Weka orodha kwenye flashi, kisha kokotoa SHA-256 ya orodha yenyewe na uitume hiyo moja kwa SMS kwa mpokeaji wa Nansio au Bukoba. Yeye anaanza kwa kukagua orodha, kisha orodha inakagua mafaili. Kwa ajali, kulinganisha herufi nane za mwanzo kwa simu kunatosha. Kwa mkataba, matokeo ya mitihani au programu, linganisha zote 64, kwa kubandika na si kwa macho.

Kwa vitu vya kupakua intaneti, hatari ni kwamba faili na cheksamu vinakaa kwenye tovuti moja. Tarehe 20 Februari 2016 wavamizi waliingia tovuti ya Linux Mint na kuelekeza kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon kwenye kopi yenye mlango wa siri. Mvamizi aliyefika hapo anaweza kubadili pia namba zilizoandikwa kando. Kinga yake ni saini ya GPG, yaani saini ya kidijitali inayoonyesha kwamba orodha imetoka kwa mwenye ufunguo. Ubuntu, kwa mfano, huweka `SHA256SUMS` pamoja na `SHA256SUMS.gpg`, pakua yote mawili, andika `gpg --verify SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS`, na ikikubali ndipo `sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS`. Ufunguo wa GPG uuchukue mahali pengine, usiuchukue kwenye ukurasa uleule.

## Ikishagundua ubovu, nini kinafuata

Cheksamu inagundua tu. Hairekebishi hata biti moja. Kwa hiyo linganisha pia njia za kurudisha, maana kwa anayenunua bando hilo ndilo lenye gharama.

Faili la Ubuntu la karibu GB 6 likipakuliwa likatoka bovu, usilifute. Chukua faili la torrent la toleo hilohilo, elekeza programu ya torrent kwenye folda lenye faili bovu, kisha uiamuru ikague upya. Torrent hugawa faili kwa vipande na kila kimoja kina hashi (cheksamu) yake, kwa hiyo itapakua vipande vibovu peke yake. Mara nyingi ni megabaiti chache badala ya GB 6 nyingine.

Kwa kazi yako mwenyewe isiyo na pa kupakuliwa tena, programu ya `par2` inafaa: `par2 create -r10 harusi.par2 *.mp4` hutengeneza mafaili ya akiba yenye asilimia 10 ya ukubwa, yaani GB 2.8 kwa folda ya GB 28, na `par2 repair harusi.par2` inarudisha uharibifu usiozidi kiasi hicho. Inachukua muda mrefu kwenye kompyuta dhaifu, kwa hiyo iwekee kazi zisizoweza kurudiwa.

Mifumo ya mafaili ya Btrfs na ZFS hukagua yenyewe kila baiti inapoisoma, na ikiwa na diski mbili zenye data ileile hurekebisha kutoka kwenye iliyo nzima. Ni mizuri kwa seva ya ofisi. Kwa flashi inayokwenda kwa mteja mwenye Windows au televisheni haifai, kwa hiyo orodha ya SHA-256 inabaki palepale.

Ukiwa na diski mbili za akiba, moja Nyegezi na nyingine Sengerema, kagua zote kwa orodha moja kila miezi sita. Ikigoma moja tu, inayolingana na orodha ndiyo nzima. Nakili kutoka hiyo. Zikigoma zote mbili lakini zikitoa cheksamu ileile, mara nyingi faili halikuharibika, bali kuna mtu aliyelihariri baada ya orodha kuandikwa, na tarehe ya mwisho ya kuhifadhiwa itakuonyesha lini. Zikigoma zote mbili na kila moja ikawa na cheksamu yake, kopi zote zimeharibika; kabla ya kugusa chochote, nakili diski zote mbili kama zilivyo, kisha jaribu `par2 repair` kwenye nakala hizo.